Fosi septiki Kasungami: udongo kwanza, saruji baadaye

Mama mmoja anayejenga Kasungami, katika komini ya Annexe hapa Lubumbashi, ameuliza hivi. Parseli yake ina mita 20 kwa 30, nyumba itakaliwa na watu 12, na kisima kilichochimbwa kwa mkono kipo tayari kwenye kona ya mbele. Kisima hicho kina kina cha mita 9. Katika kiangazi maji huwa mbali chini, lakini mwezi wa tatu kamba huyafikia baada ya mita 3 hivi. Fundi amempa bei ya jumla kwa fosi septiki moja (tangi la saruji linalopokea maji ya choo) na pui perdi moja (shimo la kunyonya maji yanayotoka kwenye fosi) yenye upana wa mita 1.5 na kina cha mita 4. Mdogo wake anayeishi Marekani amemwambia kwamba huko kaunti hupima udongo kabla ya kutoa kibali. Anataka kujua kama na sisi tuna utaratibu huo, kama udongo wake unafaa, na bei ya haki ni ipi.

Mama, umeuliza mambo matatu, lakini yote yanategemea moja, nalo ni udongo. Fosi septiki, hata ijengwe vizuri namna gani, haisafishi maji. Kazi yake ni kuyatuliza: vitu vizito vinazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, na maji ya katikati yanatoka upande wa pili yakiwa bado yamebeba vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na, ugonjwa ukiingia mjini, vya kipindupindu. Kinachoyasafisha ni udongo ulioko nje ya fosi. Udongo usiojaa maji, wenye hewa katikati ya chembe zake, huyachuja yanaposhuka polepole, na viumbe vidogo vinavyoishi humo huumaliza uchafu. Udongo uliojaa maji hauwezi kazi hiyo, na mwamba wenye nyufa hauiwezi kabisa. Kwa hiyo fundi anayekupa bei ya sanduku la saruji bila kuuliza maji yatakwenda wapi amekupa bei ya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Mdogo wako amesema kweli. Kule Marekani zaidi ya nyumba moja kati ya kila tano hutumia mfumo wa namna hii, na katika majimbo mengi ofisi ya afya ya kaunti hutaka udongo wa kiwanja uchunguzwe kabla ya kibali kutolewa. Kiwanja kikishindwa, mwenyewe hunyimwa kibali au huambiwa ajenge mfumo wa aina nyingine wenye gharama kubwa zaidi. Kwetu karatasi ya ujenzi ipo, nami nitaieleza hapa chini, lakini usitegemee kwamba mtu wa ofisi atakuja na ndoo ya maji na saa kupima shimo lako. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine wala maabara. Unaweza kukisimamia wewe mwenyewe kwa siku mbili, ukiwa na kibarua mmoja mwenye sururu.

Lubumbashi iko juu ya uwanda wa mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mvua zake, takribani milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa nne. Hapo ndipo wajenzi wengi wanapodanganyika. Watu huchimba katika kiangazi, kwa sababu ndipo magari yanapoweza kufika na matofali hayalowi. Shimo la mwezi wa nane linakuwa kavu hadi chini, fundi anaridhika, saruji inamwagwa. Mwezi wa pili maji ya ardhini yanapanda, yanalikuta lile shimo, na choo kinaanza kurudisha maji ndani ya nyumba. Hapo watu husema fosi imejaa, wanalipa vidanje (gari la kufyonza tope), na baada ya siku chache imejaa tena, maana kilichoijaza ni ardhi yenyewe.

Udongo mwekundu wa kwetu si mbaya kwa jumla, lakini una sura nyingi ndani ya parseli moja. Sehemu nyingine, baada ya mita moja au mbili, unakuta tabaka gumu la laterite ambalo sururu hulidonoa tu; maji husimama juu ya tabaka hilo wakati wa mvua hata kama kisima cha jirani bado kiko chini. Sehemu nyingine kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichosawazishwa zamani. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi ulioshikamana, ndiyo maana wachoma matofali wanaupenda, na kwa sababu hiyohiyo haunywi maji. Ukiwa na wazee waliolima hapo kabla parseli hazijakatwa, waulize vichuguu vilisimama wapi, kisha peleka mifereji yako, ile ya kunyonya maji yanayotoka kwenye fosi, mbali na mahali hapo. Hatari ya tatu haionekani juu ya ardhi: chini ya sehemu kadhaa za mji kuna mwamba wa dolomia wenye nyufa na mapango madogo, na maji yakiingia humo husafiri mbali bila kuchujwa. Ukichimba ukaona mwamba wa kijivu wenye mipasuko karibu na sakafu ya shimo, simamisha kazi. Pale hapafai kumwaga maji machafu hata kidogo.

Anza hivi. Chimba shimo la kuangalia, lenye nafasi ya mtu kusimama, hadi mita 3 ikiwezekana, kwenye sehemu unayofikiria kuweka mifereji ya kunyonya maji. Kibarua asishuke peke yake, na ukuta ukianza kumeguka atoke. Shimo likiwa na mwanga wa jua la mchana, tazama ukuta wake kuanzia juu. Utaona udongo wa juu mweusi kidogo wenye mizizi, halafu wekundu ulio sawasawa. Endelea kushuka kwa macho mpaka uone mahali ambapo wekundu huo unakatika: yanaanza madoadoa ya kijivu, yamezungukwa na mistari ya rangi ya kutu, na ukibonyeza udongo huo kwa kidole unateleza na kunata. Mahali hapo maji husimama kila mwaka, hata kama leo ni pakavu. Chukua mita, pima kutoka juu ya ardhi hadi kwenye doa la kwanza la kijivu, andika. Kipimo hicho ni cha kuaminika kuliko maneno ya mtu yeyote, kwa sababu chuma kilichomo katika udongo hubadilika rangi pale tu maji yanapokaa muda mrefu na hewa ikakosekana. Kwa upande wako kisima kimeshatoa jibu la kwanza, mita 3 katika mwezi wa tatu. Kama madoadoa yanaanza juu zaidi ya hapo, fuata madoadoa.

Kanuni inayotumika sana, hata katika mwongozo wa kimataifa wa Sphere kwa ajili ya vyoo, ni kwamba sakafu ya shimo la kunyonya iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapokuwa yamepanda kabisa. Fanya hesabu kwa parseli yako: mita 3 kutoa mita 1.5 inabaki mita 1.5. Hicho ndicho kina cha mwisho unachoruhusiwa. Pui perdi ya mita 4 ambayo fundi amekupangia itakuwa na mita nzima ndani ya maji ya ardhini kila msimu wa mvua, yaani ndani ya maji yaleyale ambayo ndoo yako inayateka kwenye kona ya mbele. Nakuomba uikatae, hata kama fundi ni mtu mwema na hata kama majirani wote wanazo.

Sasa kipimo cha kunyonya. Chimba vishimo vidogo vitatu, mbali kidogo kimoja na kingine, vyenye upana wa sentimita 30, na sakafu zake ziwe kwenye kina kilekile cha sakafu ya mfereji utakaojengwa. Kwaruza kuta kwa msumari, maana jembe huzilainisha na kuziba matundu, kisha weka kokoto kidogo chini. Jaza maji, na uendelee kuongeza kwa muda wa saa nne au zaidi, ama uache usiku kucha, ili udongo ushibe kama utakavyokuwa wakati wa kazi. Usiruke hatua hii: udongo mkavu hunywa maji kwa pupa na matokeo yake ni ya uongo. Siku ya pili weka maji ya sentimita 15, simamisha kijiti chenye alama, na pima yameshuka kiasi gani kila baada ya nusu saa, ukiongeza maji kila mara yarudi kwenye alama. Chukua kipimo cha mwisho, wakati kushuka kumekuwa kulekule kila mara, kisha tafuta ni dakika ngapi zinahitajika ili maji yashuke sentimita 2.5.

Yakishuka sentimita hizo chini ya dakika moja, ardhi ni changarawe au ina ufa, na maji yatapita bila kusafishwa. Kati ya dakika 16 na 30, mita mraba moja ya udongo inaweza kupokea takribani lita 25 za maji ya fosi kwa siku, kwa miaka. Kati ya dakika 31 na 60, hesabu lita 18. Kati ya dakika 61 na 120, hesabu lita 8 tu, na hapo unaingia kwenye matatizo. Zaidi ya hapo usijenge mfumo wa kunyonya. Utashangaa kwa nini namba hizi ni ndogo, na wewe umeona kishimo kikimeza ndoo nzima. Sababu ni kwamba maji ya fosi hujenga utando mweusi wenye kunata kwenye kuta za mfereji, na baada ya miezi kadhaa ni utando huo unaoamua maji yapite kwa kasi gani.

Tuseme kipimo chako kimetoa dakika 45, yaani lita 18. Watu 12 wanaotumia lita 80 kila mmoja, kwa choo cha maji, kuoga na jikoni, wanatoa lita 960 kwa siku. Gawanya kwa 18: unahitaji zaidi kidogo ya mita mraba 53 za udongo wa kunyonya. Pui perdi ya upana wa mita 1.5, hata tukihesabu mita 3 nzima za ukuta wake, ina mita mraba 14 tu, na itapokea lita 254 kwa siku. Ni robo ya maji yako. Robo tatu zinazobaki zitatafuta njia nyingine, na njia hiyo kwa kawaida ni uani, mbele ya mlango wa jikoni. Sihitaji kumlaumu fundi wako hasa. Vipimo hivyo vya mita 1.5 vimerithiwa kutoka nyumba ambazo maji yaliingia kwa ndoo, na watu walipoweka bomba na bafu ndani, shimo lilibaki lilelile.

Badala ya shimo refu, jenga mifereji mifupi kwa kina. Mfereji wenye upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.25, uliojazwa kokoto sentimita 80 chini ya bomba, una mita mraba 1.6 za kuta kwa kila mita ya urefu, tukihesabu pande mbili na kuiacha sakafu, maana sakafu huziba mapema. Mita mraba 53 zinadai mita 33 za mfereji: mitatu ya mita 11, ikiachana mita 2. Kina cha 1.25 kinabaki ndani ya ile 1.5 uliyoruhusiwa. Bomba lenye matundu lilazwe karibu sawa, kokoto zifunikwe kwa karatasi nzito ya plastiki iliyotobolewa au kwa nyasi kavu nyingi ili udongo usiingie, kisha rudisha udongo juu na upande majani. Usipande mwembe hapo, na gari lisipite.

Hapa nafika kwenye jambo gumu, na sitalifunika. Umbali unaopendekezwa kati ya kisima cha kunywa na mahali pa kumwaga maji machafu ni mita 30 au zaidi. Parseli yako, kutoka kona moja hadi kona ya mbali kabisa, ina mita 36. Ukiacha mita 3 kutoka kwenye uzio wa jirani na mita 5 kutoka kwenye nyumba, na ukikumbuka kwamba mifereji mitatu inachukua eneo la karibu mita 6 kwa 11, hutapata mita 30 kutoka kisimani. Utapata 20, au zaidi kidogo ukipanga kwa ustadi. Tena hujahesabu kisima cha jirani wa nyuma, ambacho huenda kiko karibu na mifereji yako kuliko chako, wala mifereji yake yeye. Katika parseli za mita 15 kwa 20 zilizojaa mjini jambo hilo haliwezekani hata kwenye karatasi, kwa kuwa kona kwa kona ni mita 25 tu.

Shauri langu ni kwamba kisima hicho kibaki cha kufua, kuoshea nyumba na kumwagilia bustani, na maji ya kunywa na ya kupikia yatoke kwingine: bomba la REGIDESO (shirika la maji la taifa) likifika kwako, au kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, chenye bomba lililozungushiwa saruji kwenye mita za juu, ambacho mnaweza kugharimia nyumba kadhaa kwa pamoja. Kama kwa sasa hamna njia nyingine, chemsheni au wekeni dawa ya klorini kila siku, lakini fahamu mpaka wa dawa hizo: zinaua vijidudu, haziondoi nitrati inayotoka kwenye mkojo na kinyesi, na kuchemsha huizidisha kidogo kwa kuwa maji hupungua. Nitrati ni hatari hasa kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya unga. Ukiwa na mjamzito au mtoto mchanga nyumbani, lichukue hili kwa uzito kuliko bei yoyote. Na kwa kuwa maji ya ardhini huelekea kwenye bonde na mto ulio karibu, mifereji iwekwe upande wa chini, kisima upande wa juu. Kama kona ya mbele ndiyo iliyo chini, una sababu nyingine ya kutokunywa maji yake.

Juu ya fosi yenyewe nitakuwa mfupi. Watu 12 kwa lita 80 ni lita 960 za maji ya siku moja. Tope la lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka 4 kabla ya kutoa, ni lita 1,920. Jumla inakaribia mita za ujazo 3, nawe jenga 3 kamili. Ndani iwe na urefu wa mita 2.4, upana wa 1.1 na kina cha maji cha 1.2, na nafasi ya hewa ya sentimita 30 juu. Gawanya vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili za urefu. Bomba la kuingilia na la kutokea yote yawe na kichwa cha umbo la T kinachoshuka ndani ya maji, na la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 au zaidi kidogo. Bomba la kutoka nyumbani, la milimita 110, lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Juu ya kila chumba acha mfuniko unaofunguka, unaoonekana, usiozikwa chini ya vigae, kwa sababu gari la vidanje litakuja. Maji ya paa yasiingie humo kamwe: paa la mita mraba 120 likipata mvua moja ya milimita 50 linatoa lita 6,000, mara mbili ya fosi yako, na tope lote litasukumwa hadi kwenye mifereji na kuiziba. Maji ya jikoni yapitie kwanza kwenye kisanduku kidogo cha kunasa mafuta. Zile poda zinazouzwa ili kuamsha fosi hazihitajiki. Vijidudu vinavyofaa vinaingia vyenyewe kila siku.

Kuhusu gharama, bei ya jumla uliyopewa haikusaidii kujua unalipia nini, kwa hiyo omba fundi aiandike kwa vipande, kisha linganisha na vipimo hivi. Fosi ya ukubwa nilioutaja, yenye kuta za bloku za sentimita 20, sakafu ya sentimita 12 na dari ya sentimita 10, inakula bloku kama 170 na mifuko ya saruji 15 hadi 18 ya kilo 50, ukijumlisha sakafu, dari, kujengea na lipu nzito ya ndani. Kuchimba ni kama mita za ujazo 12. Nondo ni za dari na za mkanda wa juu tu. Mifereji mitatu inadai kuchimba mita za ujazo 25, kokoto karibu mita za ujazo 16, na bomba la mita 33. Zidisha kila namba kwa bei ya leo ya depo yako na ya mwenye kamiyo (lori), nawe utaona jambo ambalo wengi hawalitegemei: kokoto na kuchimba vinaweza kulingana na fosi nzima au kuipita. Basi mtu akitaka kukupunguzia bei, atapunguza huko, maana huko hakuonekani baada ya kufukiwa. Kaa hapo kokoto zinaposhushwa, na zioshwe; kokoto zenye vumbi huziba mfereji kabla haujatumika. Usisahau pia gharama ya vidanje kila baada ya miaka mitatu au minne, na usikubali kamwe kibarua ashuke ndani ya fosi kuitoa kwa ndoo. Hewa ya humo huua mtu kwa dakika chache, na mara nyingi humuua na yule wa pili anayeruka kumwokoa.

Na ukiona kipimo kimetoa lita 8? Utahitaji mita mraba 120, yaani mita 75 za mfereji, na parseli haitazibeba. Hapo una njia mbili za heshima: kupunguza maji, kwa choo cha kumwagia ndoo ndogo na maji ya kuogea kupelekwa kwenye migomba mbali na kisima, au kujenga kilima cha mchanga juu ya ardhi na kuyapandisha maji humo kwa pampu, ambacho ni ghali na kinataka umeme usiokatika ovyo. Kwa familia nyingi za Kasungami njia ya kwanza ndiyo ya kweli.

Tuje kwenye karatasi. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inayosimamia ardhi nchini Kongo, inasema ardhi ni mali ya Serikali, nawe unapewa haki ya kuitumia. Na haki hiyo kisheria inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya kartie (mtaa) au ya chifu uliyonunulia parseli haitoshi, na ndiyo itakayokukwamisha kwanza ukiomba idhini ya kujenga. Idhini hiyo, ambayo taratibu zake zimewekwa na amri ya waziri ya mwaka 2013, huombwa katika ofisi ya urbanisme (mipango miji) kabla ya kuanza kazi, kwa faili lenye nakala ya hati ya ardhi, ramani ya mahali, michoro ya nyumba na makadirio ya gharama. Fosi na mifereji vionekane kwenye mchoro wa parseli nzima, pamoja na kisima chako na visima vya majirani, na umbali uandikwe kwa namba. Mchoraji wako akisema fosi haichorwi, mwambie aichore. Mchoro huo utakulinda siku jirani atakapolalamika. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inashika kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inalinda vyanzo vya maji, yakiwemo ya chini ya ardhi. Malipo yote yafanyike kwa hati ya malipo yenye jina lako, na risiti ya benki uitunze pamoja na cheti. Fedha taslimu zilizopokelewa uani na mtu mwenye kofia na daftari hazikupi idhini yoyote.

Mwisho, andika mkataba na fundi kabla ya kumpa fedha za kwanza, na sehemu ya mwisho ya malipo, tuseme robo, ifungwe kwenye jaribio moja. Lipu ikishakauka, na kabla ya kuunganisha mabomba wala kufunika chochote, ziba njia ya kutokea, jaza fosi maji hadi usawa wa bomba la kutokea, uyaache siku moja kuta zishibe, ongeza yafike tena kwenye alama, kisha tia alama nyingine baada ya saa 24. Yakiwa yameshuka sentimita moja, ni kawaida. Yakishuka zaidi, fosi inavuja, na fundi apige lipu upya kwa gharama yake na ajaribu tena mbele yako.